Kanga za Bi Kuchakulo Wakati wa Masika

Haya, kaeni vizuri niwape kisa. Wewe wa pembeni, acha kumfinya mwenzako. Ukimfinya tena naanza upya, na nitaanza upya mpaka mlale bila kujua mwisho.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa nguo na kwenda sokoni kama sisi, aliishi Bi Kuchakulo. Kuchakulo mnamjua? Ni yule mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya, anayefukua karanga shambani kabla hazijaota. Ukimrushia jiwe, jiwe likifika yeye ameshafika kwao.

Basi huyu Bi Kuchakulo alikuwa ameacha kuiba karanga. Alikuwa na kibanda chake katika soko la Kidimbwini, kibanda kidogo cha nguzo nne na paa la makuti, na humo aliuza kanga. Alikuwa na nyekundu, na buluu, na za maua, na za korosho. Na kila kanga ilikuwa na maneno yake chini, kwa herufi kubwa, kama hizo mnazoziona kwa mama zenu.

Alikipenda kibanda kile kuliko mkia wake. Kwa nini? Kwa sababu zamani alikuwa akipita, watu walikuwa wakisema, "Huyo! Huyo! Mkamateni!" Siku hizi walikuwa wakisema, "Habari za asubuhi, Bi Kuchakulo?" Nyinyi mnaosalimiwa kila siku hamuujui utamu wake.

Mara masika yakaingia. Chwaaa! Chwaaa! Mvua usiku, mvua mchana.

Masika ni msimu mbaya kwa muuza kanga. Hakuna harusi, hakuna ngoma, hakuna anayemtoa mtoto nje. Watu wote wako shambani na majembe, matope mpaka magotini. Nani atanunua kanga mpya akapalilie nayo?

Wiki ya kwanza Bi Kuchakulo hakuuza. Wiki ya pili hakuuza hata kipande cha kufutia pua.

Na soko la Kidimbwini lilikuwa na sheria yake. Kibanda kikikaa tangu mwezi kuandama mpaka mwezi kuandama tena bila kuuza kitu, mwenye kibanda anafungasha, anapewa mwingine. Mwenyekiti wa soko alikuwa Mzee Nyati, na Mzee Nyati hakuwa na mchezo. "Sheria ni sheria," alikuwa akisema, na mara nyingi hakuwa na jingine la kusema.

Jirani yake Bi Kuchakulo alikuwa Fisi, muuza supu ya mifupa. Kila asubuhi alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake, akalichukua, akaenda zake bila hata kusema asante.

"Vipi biashara, jirani?" Fisi alimuuliza siku moja, huku kaa la moto likiwa mkononi.

"Namshukuru Mungu, jirani."

"Umeuza ngapi?"

"Bado sijafungua."

"Hihihi! Bado siku kumi na tatu mwezi uandame," Fisi akasema. "Nimeshapima kwa hatua. Meza yangu ya pili itakaa hapo ulipokaa wewe, na sufuria kubwa itakaa pale."

Bi Kuchakulo alitabasamu, lakini alijiona tena shambani, mawe yakimfuata nyuma, watu wakipiga kelele.

Mchana ule mvua ilishuka ghafla. Wakaja mbio kujikinga kwenye kibanda chake mabibi wakubwa watatu wa Kidimbwini: Bi Tembo, Bi Kiboko na Bi Twiga. Kibanda chenyewe kidogo! Bi Tembo aliingiza kichwa tu. Bi Kiboko aliingiza nusu. Bi Twiga aliikunja shingo mpaka ikawa kama ndoano ya samaki.

"Karibuni, dada zangu," akasema Bi Kuchakulo. "Karibuni kanga."

"Tunaangalia tu, shoga," akasema Bi Kiboko. "Hebu fungua ile nyekundu."

Akaifungua.

"Na ile ya chini kabisa."

Akaifungua.

"Na ile iliyo chini ya hiyo ya chini kabisa. Nzuri! Kitambaa chepesi." Bi Kiboko akajifutia matope ya mdomoni, akairudisha. "Tutarudi, Mungu akipenda."

Hivyo ndivyo walivyofanya kila mvua iliponyesha. Wanafunguliwa kanga thelathini, mvua inakatika, wanaondoka. Na Bi Kuchakulo anabaki kukunja, kukunja, kukunja.

Lakini siku hiyo aliona jambo. Bi Tembo aliposoma kwa sauti kanga moja iliyoandikwa WIVU NI HOMA YA KUJITAKIA, masikio yake yalisimama wima.

"Ee! Hapa anasemwa nani?" akauliza.

"Hasemwi mtu, dada. Ni kanga tu."

"Hapana, hapana. Maneno hayaandikwi bure. Lazima yupo anayesemwa."

Na Bi Kiboko naye akasogea, na Bi Twiga akashusha shingo zaidi, wote watatu wakaisoma tena na tena, wakitazamana kwa pembe za macho. Rangi hawakuitazama. Maua hawakuyatazama.

"Aa!" Bi Kuchakulo akajisemea moyoni. "Kumbe hawa hawataki nguo. Wanataka maneno!"

Msidhani namcheka Bi Tembo. Hata mimi bibi yenu nina sanduku zima la kanga, na nusu yake nilizinunua kwa hasira.

Kesho yake, asubuhi na mapema, Bi Kuchakulo alimwita Bi Kiboko aliyekuwa akienda shambani.

"Dada, nina zawadi yako. Doti nzima, kanga mbili zikiwa bado hazijakatwa. Chukua."

"Zawadi?" Bi Kiboko alifumbua kinywa mpaka ndege wawili wakataka kuingia. "Bure?"

"Bure kabisa. Umekuja kujikinga kwangu mara nyingi kuliko wote. Umeshakuwa mtu wa nyumbani."

Bi Kiboko akaifungua na kujifunga. Ilimfunika goti moja. "Mbona inaishia hapa?"

"Basi usiivae. Nakuomba kitu kimoja tu: ianike mbele ya nyumba yako, kwenye kamba inayotazama njia ya kisimani. Kanga mpya sharti ipigwe na upepo."

Bi Kiboko hakuuliza upepo gani huo wa katikati ya masika. Aliyepewa bure hana maswali mengi. Alikwenda akaianika, akaenda zake kulima.

Fisi aliona yote. "Hihihi! Kugawa si kuuza, jirani! Siku kumi na mbili!"

Jua lilipochomoza kidogo, Bi Tembo alipita kwenda kisimani na mtungi wake kichwani. Akaiona kanga kwenye kamba ya Bi Kiboko. Akasimama. Akasoma polepole, neno kwa neno.

"KILA... NIKIPIKA... WANUSA."

Puu! Mtungi ukaanguka.

"Nani ananusa? Mimi?"

Sasa niwaambieni ukweli. Juzi yake tu, Bi Tembo alikuwa amesimama nje ya ua wa Bi Kiboko, mkonga ukiwa juu ya ua. Alitaka tu kujua kama jikoni kunapikwa mchicha au kisamvu. Hakuchukua kitu. Lakini alikuwa amenusa, na mwenyewe alijua kwamba amenusa.

"Na kuanika, ameianika nipitapo mimi! Kiboko! Kiboko kunifanyia mimi hivi?"

Tii! Tii! Tii! Mpaka sokoni.

"Bi Kuchakulo! Nipe jibu!"

"Jibu la nini, dada?"

"La hiyo kanga! Usijifanye huijui!"

"Mimi nauza nguo tu, dada yangu. Ya watu siyaingilii." Alikuwa akisema hivyo huku mkono wake ukipita juu ya bunda moja, taratibu, ukainua ncha ya kanga ya kijani. Bi Tembo akasoma pale pale: KINYWA KIPANA SHUKRANI HABA.

"Hiyo! Hiyo hiyo!"

"Ila dada, kwa mwili wako uliobarikiwa, doti moja haitoshi. Zishonwe nne pamoja."

"Shona nne! Shona tano! Yasomeke kutoka mbali!"

Bi Kuchakulo alishona haraka haraka, kwiri kwiri kwiri. Bi Tembo akalipa, akajifunga, akaondoka akitikisa makalio, yale maneno yakiwa nyuma yake, makubwa kama mlango wa ghala. Akapita mbele ya shamba la Bi Kiboko. Akarudi, akapita tena. Akajifanya amesahau kitu, akapita mara ya tatu.

Bi Kiboko akanyanyua kichwa kutoka kwenye magugu. "Kinywa?" akasema. "Kinywa kipana?" Akakigusa kinywa chake upande mmoja, kisha upande wa pili, na njia ilikuwa ndefu. "Ananisema mimi! Mimi niliyempa jembe langu mwaka jana!"

Bwata! Bwata! Bwata! Mpaka sokoni.

"Shoga! Yule mwenye masikio amenitukana!"

"Masikio?" akasema Bi Kuchakulo. "Ngoja nikumbuke kama nina kitu chenye masikio." Akajifanya kutafuta, akainua hii, akaweka ile. "Ipo hii ya njano, lakini sijui kama utaipenda."

MASIKIO MAPANA LA MWENZAKE HASIKII.

"Lete zote!"

Haya, tulieni, msicheke kwa nguvu, mtamwamsha mtoto. Bi Twiga hajaja bado.

Bi Twiga alikuja siku ya tatu. Yeye hakuwa na haraka, maneno yake yalikuwa yakishuka kutoka juu polepole. Alikuja kuwacheka wenzake. "Wanagombana kwa vitambaa," akasema. "Watu wazima! Mimi jambo kama hilo halinipa..."

Mbele ya kibanda ilikuwa imetundikwa kanga mpya ya zambarau: UKICHUNGULIA SANA UTAUMWA SHINGO.

Bi Twiga akameza mate. Mate ya twiga yana safari ndefu; yalipofika chini ndipo akauliza.

"Bi Kuchakulo. Hii ni ya nani?"

"Ni ya atakayeinunua, dada."

"Nani ameiagiza?"

"Siri ya mteja haitoki kwa muuzaji." Na hapo hakudanganya, maana hakuna aliyekuwa ameiagiza.

"Kiboko ameiona?"

"Ameipita asubuhi. Amesema atarudi."

"Na Tembo?"

"Naye amesema atarudi."

Bi Twiga akatazama huku, akatazama kule, na yeye akitazama huona mbali. "Ziko ngapi?"

"Bunda zima."

"Nipe bunda zima. Na hiyo uliyoitundika, itungue sasa hivi, kabla hajapita mtu!"

"Utazivaa zote, dada?"

"Nizivae mimi? Nitazifungia ndani asivae yeyote!"

Bunda zima likaondoka kwa siku moja.

Kuanzia hapo, Kidimbwini nzima ikawaka. Bi Ngiri alinunua kwa sababu Bi Punda Milia alipita amevaa kitu. Bi Punda Milia alinunua kwa sababu Bi Ngiri amenunua. Bi Kobe, ambaye hajawahi kusemwa na mtu, alikuja akilia.

"Yaani hata mimi na mgongo wangu huu, hakuna anayenionea wivu?"

"Nunua kwanza, dada," akamwambia Bi Kuchakulo. "Watakuonea."

Akanunua. Na kweli, jioni alipata adui wa kwanza, akafurahi mno.

Ikafika siku mabunda yote yameisha isipokuwa moja la chini, la kanga nyeupe zenye mawimbi. Fisi hakucheka tena. Alikaa nyuma ya sufuria yake ya supu, akitazama kibanda cha jirani yake kinavyojaa watu, na sufuria ikiungua.

Lakini ubaya wa moto wa makuti ni kwamba hauchagui pa kuishia. Pale Kidimbwini wanawake walikuwa wakilimiana. Leo wote kwa Bi Tembo, kesho wote kwa Bi Kiboko, keshokutwa wote kwa Bi Twiga, na palizi inakwisha kabla magugu hayajapata nguvu. Sasa nani aende kwa nani? Kila mtu alilima peke yake akiwapa wenzake mgongo wenye maneno. Magugu yakapanda mpaka kiunoni. Hata nyimbo za shambani zilinyamaza.

Bi Kuchakulo aliliona hilo, na moyo ulimchoma. Ulimchoma kidogo tu, siwadanganyi. Alikuwa akisema, "Kesho nitatafuta njia ya kuwapatanisha," na kesho ikija anakuja mteja.

Aliyemwahi ni Fisi. Asubuhi moja aliwakuta mabibi watatu kisimani, kila mmoja amesimama upande wake, amenuna.

"Samahani, mabibi," akasema. "Swali dogo tu. Bi Kiboko, ile kanga yako ya kwanza, uliinunua?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na Bi Kuchakulo. Bure."

"Bure! Na kuianika njia ya kisimani, ulijiambia mwenyewe?"

Bi Kiboko akafungua kinywa, akakifunga. Pa! "Aliniambia yeye."

"Na kila mmoja wenu alipokwenda na hasira, jibu lilikuwa pale pale, limekunjwa, linamngoja? Hihihi! Mimi nauza supu, sina la zaidi."

Bi Tembo akasema, "Wallahi leo atanijua."

Tii! Tii! Bwata! Bwata! Na miguu mirefu ya Bi Twiga ikafuata. Soko zima likakimbia nyuma yao kutazama, maana watu wa Kidimbwini walikuwa wapenda kutazama.

Bi Kuchakulo alipowaona, paruparu! Huyo juu ya nguzo ya kibanda. Bi Tembo akaizungushia mkonga nguzo ile. Makuti yakaanza kudondoka.

"Shuka!"

"Sishuki, dada."

"Shuka nikukanyage!"

"Ndiyo maana sishuki."

"Mnafanya nini?" Sauti nzito ilitoka nyuma. Alikuwa Mzee Nyati, amekuja kukagua, maana jioni ile mwezi ulikuwa unaandama.

"Shikamoo, Mzee," akasema Bi Kuchakulo kutoka juu.

"Marahaba. Kibanda kimeuza?"

"Kimeuza, Mzee. Limebaki bunda moja."

"Kimeuza ugomvi!" akadakia Fisi. "Amewagombanisha wanawake wote, mashamba yameliwa na magugu. Mzee, sheria inasema kibanda kinachovunja amani ya soko hunyang'anywa. Meza yangu iko tayari."

"Sheria ni sheria," akasema Mzee Nyati. "Kuchakulo, jitetee. Ukishindwa, unafungasha sasa hivi."

Hapo, wanangu, Bi Kuchakulo aliyaona makuti yake, aliiona nguzo yake kwenye mkonga wa Tembo, akajua kwamba kwa jambo hili mbio hazitamsaidia. Akavuta pumzi.

"Ni kweli, Mzee. Masika yalikuwa yameniua, nilitaka kuuza. Kanga ya kwanza nilimpa Bi Kiboko, na nilimwambia aianike pale. Hilo nimelifanya, na naomba radhi. Lakini niulize kitu kimoja. Bi Tembo, kanga ile ilikutaja jina?"

"Imeandikwa wanusa!"

"Kila mtu ana pua, dada. Nani hapa sokoni kila nikipika muhogo wangu, pua yake iko kwenye sufuria yangu?"

Watu wakafikiri. Kisha, taratibu, vichwa vikaanza kugeuka kuelekea kwenye supu ya mifupa.

"Na Bi Kiboko. Kinywa kipana shukrani haba. Ulitajwa? Nani anachukua kaa la moto kwangu kila alfajiri, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, na sijapata kusikia asante?"

Vichwa vikageuka zaidi.

"Na Bi Twiga. Kuchungulia! Wewe huchungulii dada, wewe ni mrefu tu. Nani amekuwa akichungulia kibanda changu tangu mvua ya kwanza, na amekipima kwa hatua?"

"Na masikio?" akauliza Bi Tembo, mkonga ukilegea. "Yale masikio mapana je?"

Fisi, aliposikia masikio yanatajwa, masikio yake yalisimama yenyewe, wima, pande zote mbili za kichwa. Soko zima likayaona.

"Mimi sijamtaja mtu," akasema Bi Kuchakulo haraka. "Mimi nauza nguo tu."

Kwanza akacheka Bi Kobe. Kisha Bi Kiboko, hwa! hwa! hwa! mpaka madimbwi ya mvua yakatikisika. Bi Tembo alicheka akakaa chini, puu, na kibanda kikaruka na kurudi mahali pake.

"Kumbe ni Fisi!" akasema Bi Tembo akifuta machozi. "Shoga yangu Kiboko, tumegombana siku kumi kwa ajili ya Fisi!"

"Na mimi niliyekuvalia kanga ya masikio! Masikio yenyewe mazuri hayo!"

"Na mimi nimefungia bunda zima ndani," akasema Bi Twiga kutoka juu, "kwa maneno yasiyo yangu!"

"Si mimi!" Fisi akapiga kelele. "Hamuoni? Amewageuza tena!"

Nani alimsikia? Mabibi walikuwa wameshashikana mikono.

"Kesho wote kwangu kupalilia!" akasema Bi Kiboko. "Na palizi ikiisha, ngoma! Ngoma ya kupatana! Masika au si masika!"

"Ngoma bila sare?" akauliza Bi Tembo. "Wanawake wa Kidimbwini wacheze kila mtu na rangi yake, kama vifaranga wa mama mbalimbali? Haiwezekani. Sharti tuvae sare."

Bi Kuchakulo, juu ya nguzo, akakohoa. Khm.

Wote wakamtazama yeye. Kisha wakalitazama bunda la chini, lile la kanga nyeupe zenye mawimbi, zote za aina moja. Zilikuwa zimeandikwa TUMEPATANA MSIOPENDA MTUSAMEHE.

"Zinatosha?" akauliza Bi Kiboko.

"Nikizigawa vizuri, dada, zitatosha," akasema Bi Kuchakulo, na alikuwa ameshashuka, ameshafungua bunda, ameshashika sindano.

Mzee Nyati akatazama foleni iliyoanza kwa Bi Tembo na kuishia kwa Bi Kobe. "Kibanda kimeuza," akasema. "Na amani ipo. Sheria ni sheria." Akaenda zake, lakini baada ya hatua tatu akarudi akanong'ona kwamba mama watoto naye atahitaji sare, na ikiwezekana apunguziwe bei.

Mchana bunda likaisha. Watu wakatawanyika na kanga zao kwapani, wakiimba. Bi Kuchakulo alikaa peke yake kwenye kibanda kitupu, akipangusa jasho kwa mkia, akifurahi mpaka akasikia haya. Ilikuwa imebaki doti moja tu, ya kahawia, ambayo tangu kiangazi hakuna aliyeitaka.

Akasikia mtu anakohoa. Alikuwa Fisi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Jirani."

"Naam, jirani."

"Umebakiwa na kitu?"

"Doti moja. Unataka kanga, jirani?"

"Si yangu mimi. Ni ya mke wangu."

"Ndiyo, ya wifi yangu. Anataka ya namna gani?"

Fisi akajikuna sikio, akalishusha kwa mkono lilipotaka kusimama. "Ya kuwajibu wale."

"Wale kina nani?"

"Wale wanaonisema!"

"Nani amekusema, jirani? Wewe ndiye uliyewafumbua macho watu wote. Wewe unajua kwamba maneno yale hayakuwa ya mtu."

"Najua!" akasema Fisi. "Najua yote, mwanzo mpaka mwisho. Nipe tu!"

Bi Kuchakulo akaikunjua ile ya kahawia. SEMENI MCHOKE MIMI SIJALI. Fisi aliisoma mara mbili, akalipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo, akaikumbatia, akaenda akaitundika juu kabisa ya sufuria yake ya supu, pale ambapo soko zima litaiona.

Hapo ndipo kisa changu kilipotua mzigo. Nanyi mkue mkijua hili: anayejishuku hununua jibu la swali ambalo hakuulizwa.